Mvua na Saa

Wahenga walisema, haba na haba hujaza kibaba. Walakini kibaba kimwagwacho kwa mara moja huleta madhara ambayo haba na haba haileti. Wajenzi wa Bonde la Ufa walihitaji miaka mingi kuigeuza hekima hii kuwa hesabu.

Mji wa Nakuru ulikua kando ya Reli ya Uganda, iliyofika Kisumu mwaka 1901. Kaskazini umeinuka mlima Menengai; kusini limelala Ziwa Nakuru. Maji ya mteremko hushuka kuelekea ziwani, na mji uko njiani mwake. Zamani mvua ilipimwa kwa mkebe uliosomwa mara moja kwa siku, saa tatu asubuhi. Kipimo hicho kilimfaa mkulima, lakini hakikumtosha mchimba mtaro.

Tufikiri paa lenye mita 100 za mraba. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Basi mvua ya milimita 30 humwaga juu ya paa hilo lita 3,000. Ikinyesha kwa saa 10, ni lita 5 tu kwa dakika, na mfereji mwembamba huzichukua. Ikinyesha kwa nusu saa, ni lita 100 kwa dakika, na mfereji uleule hufurika. Mkebe husema 30 kwa mvua zote mbili.

Kwa hiyo kilitakiwa chombo chenye saa, ambacho kalamu yake huchora mstari juu ya karatasi izungukayo polepole. Mvua ikiwa kali, mstari hupanda wima. Vyombo hivyo vilikuwa vichache, na mikebe ilikuwa mingi. Mwaka 1974 Fiddes, Forsgate na Grigg, wa maabara ya serikali ya Uingereza ya utafiti wa barabara, walitoa ripoti iliyounganisha vipimo vya aina zote mbili kwa Afrika Mashariki. Walionyesha mvua ya siku nzima itazamiwayo mara moja katika miaka 2 au 10, na kanuni ya kukadiria ni kiasi gani cha mvua hiyo huweza kunyesha kwa muda mfupi. Hivyo hata mahali pasipo na chombo chenye saa, mhandisi aliweza kukadiria upana wa mtaro.

Lakini hesabu haizibui mtaro. Usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili 2024, katika Kaunti ya Nakuru, maji ya mvua yalijaa nyuma ya tuta la reli juu ya Mai Mahiu, kwa kuwa njia yake chini ya tuta ilikuwa imezibwa na takataka za mafuriko. Tuta lilipovunjika, maji yaliwakumba watu usingizini, na zaidi ya 40 walikufa.

Kijana msomaji, mvua inyeshapo, weka mkebe uwanjani na usome kila baada ya dakika 5. Kisha itakapokatika, nenda ukautazame mtaro wa shule yako.