Dawa ya Moto Ilivyoshindwa Kinshasa

Wahenga walisema, dawa ya moto ni moto. Yako mambo ambayo msemo huo unayafaa. Lakini historia ya magenge ya vijana mjini Kinshasa, katika nchi jirani ya Kongo, yaonyesha kwamba moto ulijaribiwa mara kwa mara, na kila mara magenge yalichipua upya.

Magenge hayo hayakuanza jana. Mwaka 1940 mji huo, ambao Wabelgiji waliuita Léopoldville, ulikuwa na watu 50,000 hivi. Kufikia mwaka 1960 walikuwa 400,000 hivi. Kizazi kizima kilikulia mjini bila kulijua jembe la babu zao, na huku shule za sekondari zikiwa chache na kazi za heshima zikiwa za Wazungu. Katika miaka ya 1950 wakatokea vijana waliojiita "Bills", jina walilolitoa kwa Buffalo Bill wa sinema za Marekani. Walivaa kama wachunga ng'ombe wa sinema hizo, wakaipa mitaa yao majina kama Texas, wakatunga na lugha yao, Hindubill. Walivuta bangi, walipigana mtaa kwa mtaa, na wasichana wengi waliumia mikononi mwao. Hata hivyo, ndani ya genge, kijana ambaye Mzungu angemwita boi hata akiota mvi, alipata jina, cheo na wenzake wa kumtetea.

Wakoloni walijibu kwa rungu, kwa kifungo, na kwa kuwarudisha wasio na kazi katika vijiji ambavyo wengine wao hawakuvijua. Ukosefu wa kazi ulipozidi baada ya mwaka 1957, rungu halikutosha. Tarehe 4 Januari 1959 mkutano wa chama cha ABAKO ulikatazwa, mji ukalipuka kwa ghasia, na vijana hao walikuwa miongoni mwa waliojitokeza mabarabarani. Makumi ya Waafrika waliuawa. Baada ya siku 9 tu, Ubelgiji ikatamka hadharani kwamba Kongo itapewa uhuru.

Uhuru ulikuja mwaka 1960, lakini kijana wa mitaa ya pembezoni hakupata kazi aliyoitumaini. Mwezi Septemba 1991, na tena Januari 1993, askari waliochoshwa na mishahara duni walipora mji. Maduka na viwanda viliteketea, na pamoja navyo riziki za maelfu ya familia. Kwa hiyo waliokabidhiwa silaha ili waulinde mji ndio waliosaidia kuwafungia vijana milango ya kazi.

Katika miaka ya 2000 likavuma jina jipya, kuluna: makundi ya vijana wenye mapanga, wanaopora na kukata watu viungo. Wengine walitoka katika vilabu vya ngumi na mieleka, wengine mabarabarani. Wakati wa uchaguzi wa mwaka 2006 na wa 2011, baadhi ya wanasiasa waliwakodi ili wawatishe wapinzani wao. Kijana aliyelipwa leo kwa kutisha watu, kesho hawezi kushangaa kwamba panga nalo ni kazi.

Tarehe 15 Novemba 2013 polisi walianzisha operesheni iliyoitwa Likofi, yaani ngumi. Wananchi wengi, waliokwisha kuchoka na mapanga, walishangilia. Lakini baadhi ya polisi, nyuso zao zimefunikwa, waliingia majumbani bila hati, wakawatoa vijana nje na kuwapiga risasi mbele ya jamaa zao. Shirika la Human Rights Watch lilihesabu vijana 51 waliouawa na 33 waliotoweka. Miongoni mwao walikuwamo wasiokuwa kuluna kamwe, waliosingiziwa na jirani mwenye kisa chake. Na kuluna hawakwisha.

Mwaka 2020 ilijaribiwa njia nyingine: baadhi ya vijana walipelekwa Kaniama-Kasese, katika kambi ya Huduma ya Taifa, wafundishwe kilimo na ufundi. Hata hivyo, Januari 2025 vijana zaidi ya 100 waliohukumiwa kifo walihamishiwa gereza la Angenga. Nchi ikawa inashika jembe kwa mkono mmoja na kitanzi kwa mkono wa pili.

Hakuna asemaye kwamba mwenye panga aachwe. Mama aliyekatwa mkono sokoni anastahili ulinzi, na mkosaji anastahili kukamatwa, kushtakiwa na kufungwa. Lakini raia anayemwogopa polisi kama anavyomwogopa mhuni hatakwenda kituoni kusema panga limefichwa wapi. Na kijana anayeamini kwamba atauawa, awe na kosa asiwe nalo, hana sababu ya kulitupa.

Toka Bills hata kuluna, genge limempa kijana wa Kinshasa vitu vinne: jina, wenzake, kinga na riziki. Risasi yaweza kumwondoa kijana mmoja. Haiwezi kumpa mdogo wake hata kimoja katika hivyo vinne, naye ndiye atakayesimama kesho mahali pa kaka yake.