Ngoma Ndani ya Eklezia

Wazee wa misioni zetu wanakumbuka bado wakati ngoma ilipofanya kazi yake nje tu. Iliita watu kwa Misa, kisha ilinyamaza chini ya mti, na ndani armoniumu peke yake ilisindikiza nyimbo. Wakristu wengine walidhani desturi hiyo imetoka kwa Mitume wenyewe. Tuangalie basi asili yake.

Zaburi ya 150 inaita baragumu, zeze, filimbi, matoazi, hata ngoma, kumsifu Mungu. Lakini wakristu wa karne za kwanza waliimba kwa kinywa tu, kwa maana vyombo vya muziki vilikuwa vya tiatro na vya sadaka za wapagani. Klementi wa Aleksandria alieleza zaburi ile kwa mfano: ngoma, alisema, ni Eklezia inayofikiri ufufuko wa miili katika ngozi inayolia. Fikara nzuri kabisa, ingawa yeye hakutaka ngoma yenyewe!

Na kinanda kikubwa cha mabomba, je? Ktesibios alikibuni mjini Aleksandria, katika Misri, karne ya 3 mbele ya Kristu. Maji ndiyo yaliyosukuma hewa. Waroma walikipiga katika michezo ya uwanjani. Mwaka 757 Kaisari Konstantino wa V alimpelekea Pepin, mfalme wa Wafranka, kinanda kuwa zawadi ya kifalme. Nyuma tu kiliingia katika makanisa. Chombo kilichozaliwa katika Afrika, kikatumika kati ya wapagani, kilipata hivi heshima ya kwanza katika ibada.

Tarehe 22 Novemba 1903 Baba Mtakatifu Pio wa X alikataza piano kanisani, na ngoma, matoazi na njuga pamoja. Tusimlaumu. Alitaka kufukuza muziki wa tiatro uliojaa makanisa ya Italia. Lakini sheria hiyo ilipofika kwetu ilikuta ngoma nyingine, yenye kazi nyingine.

Kwa maana kwa Waluba kyondo, gogo lile lililochimbwa ndani, linasema. Linatangaza kifo, na watu wanasimama kusikiliza. Ndipo tunaelewa kazi iliyofanyika Kamina mwaka 1958, wakati Padri Guido Haazen, Mfransiskani wa Ubelgiji, pamoja na watoto na waalimu wa kwaya yake, walipoimba Missa Luba. Katika Nasadiki, pahali panaposemwa kwamba Bwana alisulibiwa, unasikika mpigo wa kutangaza msiba. Mluba hakuhitaji katekista amfasirie: amekufa mtu wa kwetu.

Konsilio ya Vatikano ya pili, tarehe 4 Desemba 1963, iliheshimu sana kinanda cha mabomba, ikaruhusu vyombo vingine vinavyofaa kwa ibada, kwa kibali cha wakubwa wa Eklezia wa kila inchi. Mwaka 1988 Roma ilikubali Misale ya majimbo ya Zaire. Ngoma imeingia, haitoki tena.

Lakini imeingia namna gani? Siku hizi kinanda cha umeme kina kifungo cha ngoma, na kifungo hicho kinapiga sawasawa siku ya Pasaka na siku ya maziko. Parokia inayokusanya franka za kununua kinanda kingine iulize kwanza ni mzee gani anayejua bado mpigo wa msiba, na ni kijana gani anayejifunza kwake.