Kuongoza wageni porini: masomo ya wazee na masomo ya diploma

Nikiwauliza wanafunzi wangu wa sekondari ni nani alileta kazi ya gidi huku kwetu, wanajibu kwa sauti moja: Wazungu wa parki. Siwashangai, kwani hata mimi nilifundishwa vile. Kwa mawazo yao gidi ni kijana wa buti na kofia ya kijani, anayesema Kifaransa na Kingereza kidogo, mwenye karatasi yenye stempu. Katika kurasa hizi napenda kuonyesha kwamba kazi hiyo ilikuwa na shule yake mbele ya parki yoyote, na kwamba shule ile ingali hai katika vichwa vya wazee wachache, ijapokuwa kwa shida sana.

Tuanzie hapa hapa Beni. Mwaka wa 1900 Harry Johnston, mjumbe mkubwa wa Uingereza katika Uganda, alivuka Semuliki akafika Fort Mbeni, kituo cha Kongo ya mfalme Leopold II. Alikuja na Wambuti ambao Mjerumani mmoja alikuwa amewakamata ili awapeleke Ulaya kuwaonyesha watu kwa pesa. Johnston alikuwa anawarudisha kwao. Yeye alikuwa amesoma katika kitabu cha Stanley habari ya punda wa msituni, akawauliza Wambuti. Wakamwambia nyama huyo wanamjua vizuri, wakamweleza ginsi alivyo na mistari miguuni. Huko msituni viongozi wake wakamwonyesha nyayo zake: kwato mbili mbili, sawa za ng'ombe. Johnston akakataa. Punda na pundamilia wana kwato moja, vitabu vyote vinasema vile. Basi akafikiri wale watu wanamwonyesha nyama mwingine. Homa ikawapata, akarudi Uganda bila kumuona nyama yule.

Alibeba tu vipande vya ngozi, na wataalamu wa London, kwa kuangalia vile vipande, wakamwandika nyama huyo katika jamii ya farasi: Equus johnstoni. Kisha Karl Eriksson, ofisa Mswedi aliyekuwa Mbeni, akatuma ngozi nzima pamoja na mafuvu mawili. Hapo ndipo wakaona kwamba ni ndugu ya twiga, na twiga ana kwato mbili. Mwaka uleule wa 1901 jina likageuzwa kuwa Okapia johnstoni. Ni jina la Johnston lililobaki hata leo. Wale waliosimama juu ya nyayo na kusema ukweli, hakuna aliyeandika majina yao.

Sisemi hivi kwa kumdharau Johnston, ambaye alikiri mwenyewe kosa lake. Lakini mwalimu yeyote wa historia akiitafuta siku ya kwanza ya kazi ya gidi katika inchi yetu, naona ataikuta pale, na ataikuta pamoja na ugonjwa wake: mwenye kujua alikuwa mbele, na mwenye kitabu, aliyekuwa nyuma, ndiye aliyeamua.

Sasa, wale viongozi walisomea wapi? Kwa Wambuti, mtoto alianza mapema, kwani uwindaji wa nyavu ni kazi ya kambi nzima: wanaume kwenye nyavu, wanawake na watoto wakifukuza nyama kwa kelele. Mtoto wa miaka minane alikuwa ameisha kujua nyama gani inakimbilia wapi. Kwetu sisi Wanande, ao Wayira, ni ngambo ingine. Tulikuwa watu wa vilima na mashamba, si kila mtu aliingia msituni. Ujuzi ulikaa katika jamaa fulani za wawindaji, na vijana wengine waliusikia jioni katika kyaghanda, pale wanaume walipoota moto na kuzungumza. Ndipo waliposikia habari za Kalisya, mwenye nyama wote wa pori, ambaye wazee wa pande zote mbili za Ruwenzori walimsimulia kuwa nusu-mtu: mguu mmoja, mkono mmoja, jicho moja. Mwindaji alimwekea sadaka yake mbele ya kuingia. Mtu wa leo anaweza kucheka. Lakini kijana aliyemwogopa Kalisya alijifunza kwamba nyama wana mwenyewe, na kwamba haingiliwi pori sawa vile mtu anavyoingia sokoni. Kwanza alitembea nyuma, kimya, akibeba. Kutembea mbele kulikuja baada ya miaka. Cheti hakikuwepo, mtihani ulikuwa kurudisha wenzako nyumbani.

Tarehe 21 Aprili 1925 Parki Albert iliundwa. Mipaka yake ikapanuliwa mwaka wa 1929 na tena 1935, mpaka ikalishika bonde la Semuliki na upande wetu wa Ruwenzori. Mwindaji wa jana akaamka akiwa mjangili, brakonye kama tunavyosema. Mlango uliobaki wazi kwake ulikuwa mdogo: kuwa mbebaji, ao pisteri, yaani mfuata-nyayo. Na kweli, bila watu wale hakuna ambaye angefika popote. Stuhlmann, aliyepanda bonde la Butahu mwaka wa 1891, na msafara wa de Grunne wa 1932, walibebewa mizigo na watu wa vilima vile vile.

Mzee mmoja wa Mutwanga, ambaye nilizungumza naye miaka iliyopita, alikuwa ameanza kazi kwa kubeba. Njia yao aliisema sawa mtu anavyohesabu watoto wake: Kalonge, Mahangu, Kiondo, kisha barafu. Alibeba miaka sita mbele ya kuruhusiwa kutembea wa kwanza. Nilimwuliza ni nini kilicho kigumu zaidi, nikidhani atasema mvua ao mashimo yanayofichwa na kuvu. Akajibu: «Mwalimu, njia ni rahisi. Ni kusoma mutu ndiko kugumu. Kama mugeni anaanza kusema pole pole na midomo inageuka rangi, unamushusha saa ile ile, hata akikasirika, hata kama alilipa.» Siku hizi hayo yanafundishwa katika masomo ya huduma ya kwanza, sura ya ugonjwa wa mwinuko. Yeye aliyajua kwa miguu. Katika karatasi zake za kazi aliandikwa mbebaji mpaka siku ya mwisho.

Mashule ya kweli yalikuja nyuma: Mweka, karibu na Kilimanjaro, mwaka wa 1963, kwa wasemao Kingereza, na Garoua, Kameruni, mwaka wa 1970, kwa sisi wa Kifaransa. Zilitoa wakubwa wa parki, si wafuata-nyayo. Mwezi wa Septemba 1975 mkutano mkuu wa muungano wa ulimwengu wa uhifadhi (UICN) ulifanyika Kinshasa, ukaomba serikali ziheshimu maisha ya asili ya wenyeji, na hifadhi zisitangazwe bila kuwauliza. Azimio hilo lilitolewa katika mji mkuu wetu wenyewe, na mimi sikulisikia hata siku moja shuleni.

Kwetu aliyelifuata, hata kama hakulisoma, ni watu wa Lubero. Mwisho wa miaka ya 1990 machifu wa Batangi na Bamate walikubali kutenga msitu wao wa Tayna, na serikali ikautambua kuwa hifadhi mwaka wa 2006. Mwaka wa 2003 kituo cha masomo ya uhifadhi kilifunguliwa Kasugho, ambacho baadaye kilikuwa chuo kikuu. Watoto wa wakulima wakasoma elimu ya viumbe palepale kilimani, bila kwenda Kinshasa wala Kisangani. Kando yake, mwaka wa 2010, kikafunguliwa kituo cha GRACE cha kulea ngagi yatima. Mwaka wa 2024 ngagi wanne majike waliotoka huko waliachiliwa juu ya Tshiaberimu, mlima wa mizimu, ambako jamaa ya ngagi ilikuwa imepungua chini ya kumi.

Hapo ndipo masomo mawili yanapokutana. Asubuhi pisteri hatafuti ngagi. Anatafuta kitanda chake cha jana, kwa maana ngagi anajitandikia kipya kila jioni. Anahesabu vitanda, anaangalia mavi ndani yake: makubwa sana ni ya dume mwenye mgongo mweupe, makubwa na madogo pamoja ni ya mama na mtoto. Kisha anafuata mianzi iliyotafunwa. Aliyesoma anajua kwa nini mwenye mafua lazima abaki chini ya mlima, kwa nini wageni wanavaa barakoa, wanasimama mbali na hawapitishi saa moja: ugonjwa wetu unaweza kumaliza jamaa nzima. Mmoja anajua wapi, mwingine anajua kwa nini. Mimi naona pisteri angeandikwa mwalimu, na mshahara wa mwalimu, si msaidizi.

Tusidanganyane lakini. Ujuzi uleule uliongoza pia bunduki. Wakati wa vita, viboko wa Ziwa Edouard na tembo waliangamizwa, na mara nyingi aliyetangulia mbele ya wenye silaha alikuwa mtu anayejua nyayo, kwa njaa ao kwa kulazimishwa. Pori halikuwalinda hata walinzi wake: zaidi ya 200 wamekufa Virunga. Utalii ulifungwa mwaka wa 2018, ukafunguliwa 2019, ukafungwa tena 2020. Na toka Oktoba 2014, mauaji ya Beni yamefanya msitu uwe neno la kuogopesha watoto. Wazazi wa Oicha, Eringeti na Watalinga hawatumi mtoto hata kuokota kuni. Atajifunzia wapi kusoma nyayo?

Mwanafunzi wangu wa zamani, aliyemaliza masomo yake ya uhifadhi, anaendesha pikipiki hapa Butembo. Katika mtaa wetu anaishi mzee mmoja aliyekimbia toka Watalinga, aliyekuwa mwindaji, kisha pisteri. Siku ya posho, saa tisa, kijana anasimamisha pikipiki mlangoni mwa mzee na kutoa daftari. Wamechora safu tatu: jina la muti kwa Kitalinga, jina la Kilatini, na nyama wanaoula. Posho iliyopita walikwama juu ya muti mmoja ambao tembo wanapenda maganda yake. Kijana alitafuta katika kitabu chake, hakuupata, akataka kuruka msitari. Mzee akamwambia auandike tu, na nafasi ya Kilatini aiache wazi.