Kabla Hujamwita Mchezaji Msaliti, Mjue Oscar Robertson

Kila mwaka, saa saba usiku wa kuamkia tarehe 1 Julai kwa saa zetu, soko la wachezaji wa NBA hufunguliwa. Mnarani watu wenye akili zao wamelala. Sisi mashabiki wa vikapu tumekodolea simu macho, bando linayeyuka. Nani anahama? Miaka mingapi? Pesa ngapi? Kufikia asubuhi hukumu zishatoka, na neno tunalolipenda kuliko yote ni moja: msaliti.

Mimi neno hilo limenichosha. Sisemi tusibishane, ubishi ndio utamu wenyewe. Nasema tunalitumia upande mmoja tu. Mchezaji akiondoka mwenyewe, amesaliti. Klabu ikimtoa mchezaji, eti hiyo ni biashara.

Chukua mifano miwili. Julai 2016 mkataba wa Kevin Durant na Oklahoma City Thunder uliisha, akaenda Golden State Warriors, timu iliyokuwa imetoka kuwang'oa kwenye fainali ya Magharibi baada ya Thunder kuongoza mechi 3 kwa 1. Akaitwa nyoka, na kuna watu wanamwita hivyo mpaka leo. Julai 2018 Toronto Raptors walimtoa DeMar DeRozan, kijana aliyewachezea misimu 9 na hakutaka kuondoka, wakamchukua Kawhi Leonard. 2019 wakabeba ubingwa. Bosi aliyefanya ile kazi, Masai Ujiri, ambaye mama yake ni Mkenya, tukamwita fundi. Ni fundi kweli. Lakini mbona hapo neno usaliti lilipotea?

Jibu liko kwenye historia, na wengi wetu hatuijui.

Waulize wazee wa hapa kuhusu enzi za feri. Kabla ya daraja, mtu wa Mnarani mwenye shughuli zake Kilifi mjini alingoja chombo. Kikivuka, amevuka. Kisipovuka, analala upande huu. Mchezaji wa NBA wa miaka ya 1950 na 1960 aliishi hivyo hivyo, ila yeye feri yenyewe ilikuwa mali ya mwajiri wake. Mkataba wake ukiisha, klabu ilibaki na haki juu yake, na timu nyingine ya ligi haikuweza kumsajili hivi hivi. Asaini alichopewa au akae nyumbani.

Upepo ulibadilika 1967 ilipoanzishwa ligi pinzani, ABA, ile ya mpira wa rangi nyekundu, nyeupe na buluu. Ghafla kukawa na wanunuzi wawili sokoni, na mishahara ikaanza kupanda. Wenye timu walifanya nini? Wakataka kuziunganisha ligi mbili ziwe moja. Wachezaji wakaona mlango unafungwa mbele ya macho yao.

Hapo ndipo anapoingia Oscar Robertson. Huyu si mchezaji wa benchi aliyekuwa na hasira. Msimu wa 1961-62 alikuwa na wastani wa pointi 30.8, ribaundi 12.5 na asisti 11.4 kwa mechi. Alikuwa pia rais wa chama cha wachezaji. Aprili 1970, yeye na wenzake 13, mchezaji mmoja kutoka kila timu ya ligi, waliishtaki NBA kortini. Walitaka muungano uzuiwe na mchezaji asifungwe na klabu moja maisha yake yote.

Na walijua hatari yake. Miezi michache kabla, Oktoba 1969, Curt Flood wa besiboli aliambiwa anahamishwa kutoka St. Louis kwenda Philadelphia. Akakataa, akasema yeye si mali ya kuuzwa. Alikuwa mtu mweusi akisema maneno hayo Marekani, kwa hivyo hebu fikiria uzito wake. Kesi yake ilifika Mahakama ya Juu, na 1972 akashindwa. Kazi yake ya uwanjani ilikuwa ishakwisha.

Kesi ya Robertson ilichukua miaka 6. Makubaliano yakapatikana 1976, na baada ya hapo timu 4 za ABA zikaingia NBA: Nets, Nuggets, Pacers na Spurs. Kile kifungo cha zamani kikaanza kulegezwa. Sasa sikiliza hii: Robertson alikuwa amestaafu tangu 1974. Mlango alioupigania yeye mwenyewe hakuwahi kuupita.

Hata baada ya hapo mambo yalikwenda polepole. Klabu iliendelea kuwa na haki ya kulingana na ofa ya timu nyingine na kumzuia mchezaji asiondoke. Ni mpaka 1988 ndipo Tom Chambers alipotoka Seattle kwenda Phoenix Suns akiwa mchezaji huru kabisa, wa kwanza wa aina hiyo NBA. Ukitazama LeBron akitangaza 2010 kwamba anaenda Miami, na jezi zake zikichomwa moto Cleveland, jua kwamba ile haki aliyoitumia ilikuwa na umri wa miaka 22 tu. Aliirudia Cleveland 2014, akawapa ubingwa 2016, na ghafla hakuna aliyekumbuka moto.

Najua mtaniambia: sawa, lakini timu ndogo zitakufa. Basi turudi Oklahoma City, kule Durant alikoondoka. Julai 2019 nyota mwingine, Paul George, aliomba aende Los Angeles Clippers. Thunder hawakulia. Walidai kijana anayeitwa Shai Gilgeous-Alexander pamoja na rundo la nafasi za kuchagua chipukizi, na moja ya nafasi hizo ikawaletea Jalen Williams 2022. Juni 2025 Thunder wakawa mabingwa, Shai akiwa mchezaji bora wa ligi na wa fainali. Kuondoka kwa mtu mmoja ndiko kulikopanda mbegu. Klabu yenye akili haifi kwa sababu mchezaji ana uhuru. Klabu mbovu ndiyo inayohitaji minyororo.

Na msinione naongea ya Wamarekani tu. Februari 2021 Tylor Ongwae alifunga mwishoni kabisa mwa mechi, Kenya ikaifunga Angola 74-73, na Morans wakarudi AfroBasket kwa mara ya kwanza tangu 1993. Ongwae alikuwa ametoka nje, akacheza kulipwa Denmark. Mwaka huo huo Tom Wamukota alicheza BAL, ligi mpya ya Afrika, akiwa na Patriots ya Rwanda, kwa sababu Kenya haikuwa na klabu huko. Tulingoja mpaka 2025 ndipo Nairobi City Thunder wakawa klabu ya kwanza ya Kenya kucheza BAL. Wangekuwa wamefungiwa nyumbani wote hao, tungeshangilia nini?

Huku mtaani kwetu jambo hili lina sura nyingine. Nina rafiki, jina naliweka kando, mrefu, mkono mwepesi. Timu nyingine ilimtaka, yenye kocha mzuri na nauli ya mazoezi. Timu yake haikumlipa hata senti, lakini barua ya kumwachilia ikakataa kutoka. Leo njoo, kesho njoo. Msimu ukaisha amekaa jukwaani. Na mashabiki walisema nini? Eti hana shukrani, timu ndiyo iliyomlea.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba neno msaliti si la utani. Likisemwa na watu wengi, linamfanyia kazi yule aliyeshikilia barua kabatini, tena bure. Robertson aliishtaki ligi nzima ili mwingine asikae jukwaani hivyo. Kijana wa Mnarani hana wakili, ana sisi.

Kwa hivyo Julai ijayo bishaneni. Semeni Fulani amechagua vibaya, semeni pesa ni nyingi mno, semeni hawatafika popote. Umia timu yako ikiachwa, mapenzi ni mapenzi. Lakini mtu aliyemaliza mkataba wake hana deni la mtu. Kama unaona analo, nitajie ni lipi.