Ile 4 iliyogeuka 1: historia fupi ya herufi za Didot



Nani kati yetu hajafanya hivi: unafungua ordinatere, unataka karatasi yako ionekane ya kisomi, unapitisha polisi za maandishi moja moja (hapana wale wa barabarani) mpaka unapata yenye kung'aa. Mimi nilichagua Didot. Jina la gazeti Vogue linaandikwa kwa herufi za namna hiyo: mstari wa kusimama mnene, wa kulala mwembamba kama unywele. Kwa kichwa kikubwa ni nzuri sana, hilo sikatai.

Zilitoka Paris. Firmin Didot, mtoto wa familia ya wachapaji, alizichonga karibu mwaka 1784. Zamani zaidi wembamba ule ungepotea, sababu karatasi ilikuwa na mabonde-mabonde. Mwingereza John Baskerville, kule Birmingham, ndiye alileta karatasi laini na wino mweusi zaidi katika miaka ya 1750. Didot, na Giambattista Bodoni kule Parma, wakaifuata njia hiyo mpaka mwisho. Herufi hii ilizaliwa pamoja na karatasi yake.

Na Didot hakuwa mtu wa urembo tu. Alipochapa majedwali ya logaritimu ya Callet, mwaka 1795, aliunganisha risasi za kila ukurasa ziwe kipande kimoja, ili hata tarakimu moja isihame. Alijua namba iliyokosewa inaweza kumpoteza mtu.

Mimi sikujua. Nilitengeneza karatasi ya bakulima wa birayi wa Rubaya, juu ya mildiu: gramu 40 za mankozebu kwa pompi ya litri 16. Kule Goma ilitoka safi, kwa karatasi nzuri. Kufika Rubaya, watu wakapiga fotokopi, halafu fotokopi ya fotokopi, kwa mashine yenye wino wa kuisha. Mistari ya unywele ikaenda. «e» ikawa «c», «H» ikawa vijiti viwili. Na 4, mnajua, mguu wake mnene ni mmoja tu, ule wa kusimama. Mengine yote ni unywele. Ikabaki 1.

Mama mmoja alipima gramu 10. Mvua ikanyesha siku tatu, shamba likawa jeusi. Alikuja na ile karatasi, ameikunja vizuri ndani ya kitenge, akaniuliza: «Mwanangu, si ni wewe uliandika?» Nilisoma mwenyewe. Kweli, 10.

Nililaumu mashine kwanza. Lakini mashine ilifanya kazi yake. Miye ndiye nilichukua herufi ya karatasi laini ya Paris nikaitupa kwa fotokopi ya milimani.

Sasa karatasi mpya iko na herufi nene pande zote, zisizo na urembo. Kipimo nimekiandika mara mbili: kwa tarakimu, na kwa maneno, gramu makumi ine. Yule mama nilimpelekea ya kwanza. Aliisoma yote mbele yangu, kwa sauti, kabla ya kuikunja.