Mwavuli wa Mitumba: Nani Hulipia Vifaa vya Kwenda Juu?

Tuseme umeshaamua: kabla hujatimiza miaka thelathini lazima uruke kutoka kwenye ndege ukiwa na parachuti mgongoni. (Parachuti, siyo parachichi. Maparachichi huku Kilimanjaro tunayo ya kutosha.) Halafu tena hutaki kuruka ukiwa umefungwa kifuani kwa mwalimu kama mtoto mbelekoni. Unataka kujifunza, upate leseni, uruke mwenyewe.

Sasa unapiga hesabu. Kuna ada ya mafunzo, kiti kwenye ndege kila unaporuka, na kukodi vifaa. Ukishaiva unataka na vya kwako: begi la mgongoni, mwavuli mkuu, mwavuli wa akiba, kofia ngumu, saa ya kupimia kimo. Kutoka Moshi, sehemu ya karibu inayojulikana kwa mchezo huu ni Diani, kusini mwa Mombasa, kwa hiyo ongeza nauli na malazi. Ukimaliza kujumlisha, unaliangalia bumu lako na bumu linakuangalia wewe.

Usikate tamaa kwanza. Swali la nani atalipia vifaa vya kwenda juu halikuanza na ndege. Hapa kwetu, kwenye mlima huu unaouona kila asubuhi mawingu yakiruhusu, lina zaidi ya miaka 150. Na historia yake ina somo moja ambalo watu wengi hulikosa: hela hainunui ujasiri. Hela hununua nafasi ya kushindwa, kurudi nyumbani, na kujaribu tena.

Sabaya na Meyer

Mmisionari Johannes Rebmann aliiona theluji ya Kibo tarehe 11 Mei 1848. Mtu aliyekuwa akimwongoza alikiita kile kitu cheupe "baridi" tu. Lakini Wachagga walikuwa wameshaanza kukichunguza kabla yake. Rebmann na mwenzake Krapf waliandika simulizi waliyoipata huku: kwamba zamani mtawala wa Machame aliyeitwa Rungua alituma kundi la watu wapande wakaone kile cheupe ni nini, maana ilidhaniwa huenda ni fedha. Aliyerudi ni mmoja, jina lake Sabaya, mikono na miguu ikiwa imeharibiwa na baridi.

Hebu fikiria. Hao hawakukosa moyo, wala hawakukosa kuujua msitu. Walichokosa ni viatu, glovu na nguo nzito, vitu ambavyo hakuna aliyejua kwamba vinahitajika. Na hawakupata jaribio la pili.

Sasa mlinganishe Sabaya na Hans Meyer, Mjerumani ambaye familia yake ilimiliki kampuni kubwa ya uchapishaji vitabu mjini Leipzig. Mwaka 1887 alipanda Kibo akafika kwenye barafu, akakwama. Hakuwa na zana za kutosha kwa ule ukuta, wala mwenzake aliyezoea barafu. Akarudi kwao. Mwaka 1888 akaja tena na Oscar Baumann. Safari hii hata mlima hawakuufikia, kwa sababu walikamatwa wakati wa vita vya Bushiri bin Salim dhidi ya Wajerumani. Akaachiwa baada ya fidia ya rupia 10,000. Mtu wa kawaida hapo hadithi ingeishia. Meyer alirudi mwaka 1889 na Ludwig Purtscheller, mwalimu wa mazoezi ya viungo kutoka Salzburg aliyekuwa bingwa wa kupanda milima ya Alpi.

Tarehe 3 Oktoba 1889 walifika kwenye ukingo wa krateri, lakini muda ulikuwa umekwenda, wakashuka. Walipumzika, wakala, na tarehe 6 Oktoba wakafika kileleni. Umeona? Hata ndani ya safari ya tatu walihitaji jaribio la pili, na waliliweza kwa sababu chakula kilikuwa kinapandishwa kutoka Marangu kambi hadi kambi.

Kilipandishwa na nani? Na wapagazi. Kule kwenye kambi ya juu alikaa nao Mwini Amani, mtu wa Pangani, mwenyeji wa joto la pwani aliyejikuta analinda hema kwenye baridi ya usiku wa mlimani. Na Marangu jina linalotajwa hadi leo ni la Yohani Kinyala Lauwo, ambaye wakati wa kuadhimisha miaka mia moja ya safari ile, mwaka 1989, aliheshimiwa kama mwongozaji wake. Vitabu vingi vya dunia vilibaki na majina mawili tu, ya wale waliokuwa na mashoka ya barafu.

Basi swali letu linakuwa hivi: asiye na kampuni ya uchapishaji Leipzig, nafasi ya pili anaitoa wapi? Historia inaonyesha njia tatu. Ya kwanza na ya pili zimetoka kwenye miavuli yenyewe. Ya tatu iko hapahapa Moshi.

Njia ya kwanza: mtumba

Kwa muda mrefu miavuli ilishonwa kwa hariri, na hariri haijawahi kuwa bei ya mwanafunzi. Vita Kuu ya Pili ilibadilisha mambo. Hariri ya Japani ilikatika, viwanda vya Marekani vikahamia kwenye nailoni, na miavuli ya kijeshi ikashonwa kwa wingi. Vita vilipokwisha mwaka 1945, maghala yalijaa miavuli isiyo na kazi, ikauzwa kwa bei ya kutupa.

Hapo ndipo kuruka kwa starehe kulipoanza kuwa mchezo wa watu wa kawaida. Vijana walinunua mwavuli wa jeshi, ule wa duara unaokushusha popote upepo unapotaka, wakakata matundu upande wa nyuma. Hewa ikitokea nyuma inausukuma mwavuli mbele kidogo, na ukivuta kamba unaweza kuugeuza. Ufundi wote ni mkasi na sindano. Kufikia mwaka 1959 Jacques-André Istel alikuwa amefungua kituo cha kibiashara cha mchezo huo huko Orange, Massachusetts.

Sisi tunauelewa mtindo huu bila kufundishwa. Katikati ya miaka ya 1980 serikali yetu ilipolegeza masharti ya uagizaji, mitumba ilirudi masokoni. Leo ukienda soko la Memorial hapa Moshi ukachambua kwa subira, unaweza kuibuka na jaketi la baridi lililotengenezwa kwa ajili ya mtu wa Ulaya. Majaketi ya namna hiyo ndiyo yamewapandisha mlimani vijana wengi ambao dukani wasingeweza hata kuuliza bei.

Njia ya pili: ondoa kinachokula hela

Mwaka 1978, huko Mieussy kwenye milima ya Alpi ya Ufaransa, warukaji wachache walikuwa na shida kama yako. Walitaka kufanya mazoezi ya kutua mahali palipolengwa, lakini kila zoezi lilidai ndege, na ndege inadai mafuta na rubani. Wakajiuliza: kwani lazima tupande kwa ndege? Mlima si huu hapa?

Kufikia hapo kulikuwa na mwavuli wa aina nyingine, wa mstatili, uliobuniwa na Domina Jalbert miaka ya 1960. Huo hujaa hewa kwa mbele ukawa na umbo la bawa. Wale jamaa wakautandaza kwenye mteremko, wakakimbia kuteremka, na bawa likawainua. Hivyo ndivyo mchezo wa kuruka na bawa la kitambaa kutoka mlimani ulivyopata umaarufu. Ni mchezo mzima uliozaliwa kwa sababu watu walitaka kukwepa bili ya ndege.

Lakini usikimbilie kuutandaza mwavuli wako pale Barafu. Kwanza, hii ni Hifadhi ya Taifa tangu mwaka 1973, na kuruka bila kibali ni kosa. Pili, kuna fizikia. Karibu na kilele, mita 5,895 juu ya usawa wa bahari, hewa ina uzito wa zaidi kidogo ya nusu ya ile ya pwani. Kasi ya kushuka huongezeka kwa kipeuo cha pili cha upungufu huo. Kwa hiyo mwavuli unaokushusha mita 5 kwa sekunde kule Diani, huku juu utakushusha takriban mita 6.8 kwa sekunde. Ni zaidi ya theluthi moja, na chini yako kuna mawe, siyo mchanga.

Mrusi Valery Rozov aliliweza jambo hilo Februari 2015. Alipanda kwa miguu siku kadhaa, akaruka na suti ya mabawa kutoka kwenye ukuta wa magharibi wa Kibo, kimo cha mita 5,460 hivi. Alikuwa na uzoefu wa miaka mingi na mdhamini mkubwa, Red Bull. Novemba 2017 alifariki akiruka kutoka mlima Ama Dablam, Nepal. Hela ya mdhamini huleta vifaa bora, hatari haiondoi.

Njia ya tatu: kuazima

Waswahili wanasema nguo ya kuazima haisitiri matako. Kwa heshima zote kwa wahenga, Moshi kuna ofisi inayowapinga.

Wapagazi wa Kilimanjaro hubeba mahema, chakula na mizigo ya wageni, na hifadhi imeweka kikomo cha kilo 20 kwa mpagazi. Mgeni anapanda na buti, begi la kulalia na jaketi la manyoya ya bata. Kijana anayembebea amekuwa akipanda na raba na sweta, njia ileile, usiku uleule wa chini ya sifuri. Wapo waliokufa kwa baridi wakiwa kazini. Miaka mingi baada ya Sabaya, tatizo lilibaki lilelile: vifaa viko, ila viko kwa mwingine.

Mwaka 2003 ulianzishwa mradi wa kuwasaidia wapagazi, unaojulikana kwa kifupi cha KPAP, wenye ofisi hapa Moshi. Moja ya kazi zake ni rahisi hadi unashangaa: kukusanya nguo na viatu vya mlimani, vingi vikiwa msaada, na kuwaazima wapagazi bila malipo. Unachukua, unapanda, unarudisha, na mwenzako anachukua. Jaketi moja linahudumia watu wengi kwa mwaka. Kumnunulia kila mpagazi jaketi ni mzigo mzito, lakini ghala moja la pamoja linabebeka.

Klabu za miavuli huendeshwa kwa akili hiyohiyo. Mwanafunzi haji na mwavuli wake. Anavaa wa klabu, ambao jana ulivaliwa na mwingine na kesho utavaliwa na mwingine tena. Umoja wa Kisovieti ulilipeleka jambo hili mbali zaidi miaka ya 1930: vilabu vya umma viliwafundisha vijana kuruka kwa gharama ya dola, ingawa dola nayo ilikuwa na lake, kuandaa askari.

Sasa turudi kwenye bumu lako

Historia hii inakushauri nini? Kwanza, usianze kwa kununua. Jifunze kwa vifaa vya klabu. Kwa utaratibu wa Marekani leseni ya kwanza inadai miruko isiyopungua 25, na katika hiyo mwili wako na uzoefu wako vitabadilika kiasi kwamba mwavuli unaoutamani leo huenda usikufae.

Pili, na hapa ndipo wengi wanapokwama, bajeti yako isiishie kwenye ada. Mafunzo haya huenda kwa hatua, na hatua ukiifeli unairudia kwa kulipa tena. Mwenye hela kamili ya kozi bila senti ya ziada yuko kwenye hali ya Sabaya: ana jaribio moja. Bora uchelewe mwaka mzima, uweke kwenye kibubu au kwenye kikoba na wenzako, uanze ukiwa na nafasi ya kurudia angalau hatua mbili.

Tatu, mtumba ni sawa, ila si kila mtumba. Miavuli mingi inayouzwa ni ya wazoefu, nao hupenda midogo inayokwenda kasi. Anayeanza anahitaji mkubwa, unaoendana na uzito wake. Ukinunua mdogo kwa sababu umeuona kwa bei nzuri, umenunua kasi usiyoijua kuimudu. Kabla hujatoa hela, fundi wa miavuli mwenye cheti aukague.

Nne, kuna mahali pa kubana na mahali pa kuachia. Suti iwe ya kuazima, begi liwe limepauka, hakuna shida. Lakini mwavuli wa akiba lazima ufunguliwe, ukaguliwe na kufungwa upya na fundi kwa ratiba. Marekani ni kila baada ya siku 180. Na usiache kile kifaa kinachoufungua chenyewe ukizidiwa au ukizimia, ambacho tangu CYPRES ilipotoka mwaka 1991 kimekuwa cha kawaida. Hapo methali ninayoikubali ni hii: rahisi huvunja upishi.

Halafu kuna la tano, ambalo ni deni zaidi kuliko ushauri. Kila aliyefika juu bila kuwa tajiri alifika na kitu cha mtu mwingine: mwavuli wa askari asiyemjua, mwavuli wa klabu, jaketi la mgeni aliyekwisha rudi kwao. Siku ukipata vya kwako, vile ulivyoanzia usivifungie kabatini. Kuna kijana Rau au Kibosho ambaye moyo anao tayari. Anasubiri kofia ngumu tu, na nafasi ya kujaribu mara ya pili.