Wembe na Maji: Methali ya Kunyoa katika Pwani ya Kilwa na Lindi

Methali isemayo "Ukiona mwenzako ananyolewa, zako tia maji" yajulikana na kila asemaye Kiswahili, na maelezo yake katika vitabu vya shule ni mamoja: msiba uliompata jirani waweza kukupata na wewe, basi jihadhari. Maelezo hayo si makosa, maana ndivyo watu waitumiavyo. Walakini yaiacha nyuma kazi ambayo methali yenyewe ilizaliwa ndani yake. Kunyolewa si msiba. Mtu anyolewaye hakupatwa na baya lo lote, na maji si dawa ya kuuepuka wembe. Maji humtayarisha mtu kwa wembe. Mwenye kuiwaza methali hii kwa utaratibu ataona kwamba asili yake ni agizo la ufundi, na ya kwamba hofu iliingia baadaye.

Sarufi yake yashuhudia jambo hilo. Kwanza, jina "nywele" halitajwi. "Zako" yasimama peke yake, na msikilizaji hupatanisha mwenyewe. Sentensi ya namna hiyo husemwa mahali ambapo nywele zimekwisha kuwa mbele ya macho ya wote. Pili, mwenzako "ananyolewa", hakusemwa "amenyolewa". Maji hutiwa wakati kazi ya kwanza ingali ikiendelea. Tatu, kitendo ni cha kutendwa: wembe umo mkononi mwa mtu mwingine. Basi picha nzima ni ya watu wanaongoja zamu kwa kinyozi mmoja mwenye wembe mmoja.

Jina la wembe lenyewe ni la kale kuliko miji ya pwani. Shina lake ni -embe, na wingi wake nyembe. Yaelekea ni shina lile lile lililomo katika "jembe", kwa kuwa Wasukuma husema igembe kwa jembe, na Wanyarwanda husema urwembe kwa wembe. Kiswahili kimeidondosha ile g ya zamani. Chuma kimoja, makali namna mbili: kikiwa kipana cha kulimia huingia ngeli ya ji-, kikiwa chembamba cha kunyolea huingia ngeli ya u-. "Kinyozi" naye ametoka katika kunyoa kwa njia ile ile iliyomtoa mwokozi katika kuokoa na mkombozi katika kukomboa, ila amechukua ki- badala ya m-, kama kiongozi. Hakuna neno la kigeni katika ufundi huu mpaka ifikapo sabuni, ambayo jina lake ni la Kiarabu. Wembe, maji, kunoa, kinoo, kunyoa, yote ni maneno ya Kibantu.

Chuma nacho hakikuwa haba. Al-Idrisi, aliyeandika katika karne ya 12, alikisifu chuma cha nchi ya Zanji na kueleza jinsi kilivyotakiwa Bara Hindi kwa kufulia panga. Neville Chittick, aliyechimba Kilwa Kisiwani tangu mwisho wa miaka ya 1950 na kutoa kitabu chake mwaka 1974, aliona dalili za kazi ya chuma katika tabaka za mwanzo kabisa za mji. Na Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331, alitaja chale katika nyuso za watu aliowakuta. Mfalme na msikiti wake vimeandikwa sana. Chale zile hupitwa upesi. Lakini chale haichanjwi ila kwa makali membamba yaliyonolewa vizuri, na mkono uliozoea kuyaongoza juu ya ngozi bila ya kuzama. Mahali penye chale pana wembe.

Wembe wa kienyeji ulikuwa bamba fupi la chuma lililofuliwa na mhunzi, makali upande mmoja, shina la kushikia upande wa pili. Thamani yake haikuwa katika chuma bali katika kunolewa. Chuma laini hupoteza makali upesi, na kila vichwa vichache kinyozi hurudi kwenye kinoo. Ndiyo sababu maji yalikuwa na kazi kubwa kuliko iliyo nayo leo. Unywele mkavu ni mgumu. Ukilowa hunywa maji, hufura na kulegea, na hukatika kwa nguvu ndogo zaidi. Lakini haulegei papo hapo, wataka dakika mbili tatu. Kinyozi akimlowesha mtu na kumnyoa mara hiyo hiyo, makali yatavuta na ngozi itachubuka. Mwenye kungoja akijitia maji mapema, zamu yake inapofika nywele zimekwisha kuwa tayari. Yale ambayo methali huyaita tahadhari yalikuwa, katika barza ya kinyozi, heshima kwa wembe wake na huruma kwa kichwa chako mwenyewe.

Wapi watu walikuwa wakinyolewa kwa mfululizo? Pwani iliyoitwa Mgao, ambayo imewapa wataalamu jina la lahaja ya Kimgao, haikukosa nafasi hizo. Mtoto mchanga hunyolewa, ama siku ya saba kwa sunna ya akika, ambapo uzani wa nywele zake hutolewa sadaka ya fedha, ama siku ya arobaini kwa desturi ya mji. Mwenye kuhiji hunyoa au hupunguza. Lakini hao hunyolewa mmoja mmoja. Kundi hasa limo jandoni, kwa watu wa pwani na kwa jirani zao wa bara ya Lindi, Wamwera, Wamakonde na Wayao, ambao kunyolewa kwao ni sehemu ya sherehe. Hapo ndipo "mwenzako" apatapo maana yake kamili: si mtu yeyote, ni wa rika lako, uliyeingia naye, na lililompata yeye litakupata wewe kabla jua halijatua. Na kwa kuwa jandoni wembe wa nywele hutangulia kisu cha ngariba, si ajabu kwamba agizo la kutia maji lilijifunza kutetemeka.

Kinyozi wa zamani hakuwa wa nywele tu. Aliyeweza kunyoa aliweza kuchanja, na aliyeweza kuchanja mara nyingi aliweza kuumika, yaani kutoa damu kwa pembe iitwayo chuku. Lugha imemweka hata katika mzaha: mtu atiaye chumvi katika habari husemwa "apiga chuku", kana kwamba huivuta habari ivimbe kama ngozi chini ya pembe. Kamusi za zamani zimehifadhi pia mitindo yake: kukata denge ni kunyoa pande zote na kuacha nywele za utosini, kukata kinjunjuri ni kuacha shungi moja refu. Maneno haya karibu yamekufa, ingawa vijana wa leo hunyoa mitindo ile ile kwa majina mapya.

Badiliko kubwa lilitoka mbali. King Camp Gillette, Mmarekani, aliomba hataza ya kinyoleo chake mwaka 1901 akaipata mwaka 1904. Ni mashine ndogo ya mkono ishikayo bamba la chuma cha pua, jembamba kama karatasi, lenye makali mawili. Mwaka 1903 viliuzwa vinyoleo 51 tu. Katika Vita Kuu ya Kwanza serikali ya Marekani iliwapa askari wake vinyoleo milioni 3.5, na watu wa nchi nyingi wakazoea kujinyoa. Uvumbuzi wenyewe haukuwa katika makali. Ulikuwa katika kuunganisha mambo mawili: ule ukingo ushikao ngozi na kuthibitisha pembe ya wembe, ambayo kinyozi alijifunza kwa miaka, na ile fikira ya kwamba wembe haunolewi, hutupwa.

Hapo methali nyingine ikatikiswa. "Kinyozi hajinyoi" ilikuwa kweli ya mkono na shingo kabla ya kuwa kweli ya hekima. Kwa kinyoleo kila mtu akawa kinyozi wa nafsi yake. Lakini aliyejinyoa alipaswa kujifunza upya yale aliyoyajua kinyozi: kwamba mashine isikandamizwe, uzito wake watosha, kwamba wembe ufuate nywele zinakolala, na kwamba maji ya kutosha hayana badala. Mwenye ndevu za kipilipili hujifunza hayo kwa maumivu. Unywele uliojikunja, ukikatwa chini mno, hurudi ndani ya ngozi na kuleta vipele. Na nyembe za safu mbili, zilizotolewa na kampuni ya Gillette mwaka 1971, ziliyazidisha kwa wengi, kwa kuwa hukata chini zaidi ya bamba moja.

Neno "wembe" nalo likahama. Mtu akitumwa dukani leo kununua wembe huleta bamba lililofungwa katika kikaratasi. Mwanafunzi huchongea penseli, mshonaji hukatia uzi, mjamzito huuweka katika vifaa vyake vya kujifungulia.

Wembe wa kutupwa uliweza kuwa wa mtu mmoja, lakini ada ya foleni haikufa mara moja. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI walitambuliwa Kagera, na kufikia 1986 ugonjwa ulikuwa umekwisha kuripotiwa katika mikoa yote ya Tanzania Bara, Lindi ikiwa mojawapo. Watu wakaambiwa wasichangie nyembe, na mangariba wakaagizwa kila mtoto awe na wembe wake. Virusi vya homa ya ini aina ya B ni vikaidi zaidi, huishi nje ya mwili siku saba au zaidi. Kwa mara ya kwanza yule mwenzako anyolewaye akawa hatari kweli kweli, na maji hayakuweza kumsaidia aliyekuwa nyuma yake. Methali iliyokuwa imefasiriwa kwa hofu tangu zamani ikapata hofu iliyostahili, ila sehemu yake ya pili ikapungukiwa na kazi.

Mtanda na mitaa mingine ya mji wa Lindi sasa ina vinyozi wa mashine za umeme, nao hunyoa kichwa kikavu. Wembe huja mwishoni tu, kwa kusawazisha ukingo wa paji na shavu. Kinyozi huufungua mbele ya mteja, huuvunja katikati, kisha hupaka spiriti. Mashabiki wa mpira na wa siasa wamekwisha kupata usemi wao, "kunyolewa bila maji", kwa kushindwa kusiko na huruma. Anayenyolewa kwa maji bado, aghalabu, ni mtoto wa arobaini, mapajani mwa bibi yake, bakuli kando. Bibi humlowesha kwa kiganja, hungoja kidogo, kisha hushika wembe.